Mwaka Tuliomfundisha Donatella

Anti Wairimu tulimuaga Aprili hii, na baada ya ibada tukaingia ukumbi wa nyuma wa kanisa, Wembley, kunywa chai. Nilikaa karibu na hita, mwanangu mapajani, ananiuliza kwa Kiingereza tutaondoka lini nami namjibu kwa Kiswahili kwamba hatuondoki bado. Ndivyo tunavyoishi mimi na yeye. Mezani palikuwa na mandazi, samosa, chupa za chai, na picha ya Anti amevaa miwani yake ya kazini. Ndipo akaingia mwanamke wa koti la kijivu akiburuta sanduku dogo la magurudumu, kaja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, akasimama mlangoni kama mtu aliyeingia harusi ya watu asiowajua. Nilimtambua kwa vidole. Alikuwa anasugua kidole gumba kwa kidole cha shahada, taratibu, kama anayepangusa nta, tabia iliyotuganda sote tuliowahi kufanya kazi ile. Dada yake Anti, aliyekuja kutoka Nyeri kwa ajili ya mazishi, akaniinamia. "Huyu mzungu ni wa nani?" "Wetu," nikamwambia. "Wetu wa wapi?" "Wa kazini, mama. Anti ndiye aliyempitisha." Akatikisa kichwa kama aliyeelewa, akaenda kummiminia chai. Kumweleza sawasawa ningehitaji kumsimulia mwaka mzima, na wageni walikuwa bado wanaingia. Basi nausimulia hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Chuo nilikiacha kwa sababu ya hesabu, au hesabu ndiyo iliyoniacha mimi, na tangu hapo nilikuwa mtu wa kuota ndoto nikiwa macho. Bwana Kirit alinichukua katika karakana yake ya Harrow kwa sababu, alisema mwenyewe, nilicheka kwenye usaili mahali pasipo na cha kuchekesha, na karakana ilikuwa na huzuni tangu redio iharibike. Alizaliwa Kisumu, akaondoka mtoto, na Kiswahili chake kikabaki na umri uleule. Alizungumza kama kijana anayewaita wenzake uwanjani. "Wewe cheka tu," aliniambia siku ya kwanza, "lakini mkono tulia." Karakana ilikuwa nyuma ya duka la matairi na duka la kadi za harusi. Ukiingia unakutana na harufu ya nta na ya tangawizi, maana jiko la kantini lilikuwa limetengwa na meza zetu kwa ubao mwembamba tu, na kila lililosemwa kule tulilisikia huku.

Tulichotengeneza ni nyaya za kiti. Nchi tatu zilikuwa zimeungana kuunda ndege moja ya kivita, kwa kuwa hakuna hata moja iliyotaka kuibeba gharama peke yake. Kampuni kubwa zilishika mabawa, injini na rada, chini yake kampuni za kati, na chini kabisa karakana kama yetu, mshirika mdogo ambaye jina lake halitajwi kwenye picha za sherehe. Sehemu yetu ilikuwa kile kiti cha rubani ambacho ndege ikiharibika angani kinamrusha nje pamoja na mwavuli wake. Ndege yenyewe hatukuwahi kuiona, ilikuwa bado haijaunganishwa popote, lakini mimi nilikwisha kuiona mara nyingi nikiwa kwenye treni, ikipita juu ya Ilford kwetu na watu wa sokoni wameinua nyuso. Mama hakupenda. Sisi ni watu wa Wete, na Mama husikiliza habari za vita kwa mkono kifuani. Nilimwambia kazi yetu ni ile sehemu inayomtoa mtu, haimuui mtu. Akafikiri kidogo akisonga ugali, akasema, "Sasa si afadhali asingepanda." Nilijua tu kwamba yupo mtoto wa mtu atakayekaa pale, na nyaya zile ni zake.

Mwenye meza ya kiti alikuwa Anti Wairimu. Nyaya nyembamba kama tambi hukusanywa fungu moja, kisha fungu hufungwa kwa uzi bapa uliopakwa nta, fundo baada ya fundo, kwa mkono. Fundo likilegea, nyaya hucheza na kusuguana. Likikazwa sana, linauma ngozi ya waya ndani, na hutajua mpaka siku ambayo hakuna anayetaka ifike. Nilipomuuliza Anti nikaze kiasi gani alisema, "Mshike kama mtoto unayevuka naye barabara." Basi, hayo ndiyo maelezo niliyopata, na yalinitosha, ingawa yalinichukua majira yote ya baridi. Palikuwa na desturi moja pale ambayo sijaiona kwingine. Ukimaliza fungu lako unalibeba kwa mikono miwili mpaka mbele ya mkaguzi, yaani Anti, naye kabla hajaligusa anakuuliza neno moja, "Umemaliza?" Ukisema ndiyo, imekwisha, huruhusiwi tena kulishika. Akiona kosa baada ya hapo, fungu zima linatupwa. Akiona sawa, anagonga muhuri wake, wenye namba yake peke yake, ambayo hapewi mtu mwingine hata akistaafu. Anauliza mara moja tu. Akiuliza zaidi amekuwa mwalimu, Bwana Kirit alisema, na mkaguzi akiwa mwalimu hana tena macho.

Habari ya kiti kuondoka tuliipata kantini, siku ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu Bwana Kirit huleta trei ya dhokla, ile keki ya dengu aliyopika mkewe. Alikata vipande, akavigawa makundi matatu kwa kisu, na tukajua leo kuna maneno. "Hii nchi, hii nchi, hii nchi," akasema. "Kila mtu ametoa pesa. Kila mtu anataka chakula sawa na pesa yake. Sasa Italia amehesabu, ameona yake kidogo. Amelia." Akasukuma kipande kimoja kutoka upande wetu kwenda upande wa pili. Anti Wairimu alikuwa ameshika kikombe na hakukinywa.

"Hicho ulichowapa ni nini, Bwana Kirit?"

"Si mimi nimewapa, Wairimu. Kampuni kubwa imewapa."

"Nimeuliza ni nini."

"Kiti."

Mtu wa mwisho wa meza, mama mmoja wa Kipoland, aliniomba nimtafsirie, na nilipomaliza akaweka uma chini. "Kwani tumekosea wapi?" Anti akauliza. "Hapana kosa," Bwana Kirit akasema, na sauti yake ya kitoto ilifanya iwe mbaya zaidi. "Ingekuwa kosa ningerekebisha." Akaeleza masharti. Kiwanda kimoja cha kusini mwa Italia kingetuma mtu aje ajifunze kwetu tangu Mei. Septemba angefunga fungu la mtihani. Mashine ya kampuni kubwa ingepima umeme, na mafundo yangepimwa na mkaguzi wetu. Akifaulu, mwisho wa mwaka kiti kinahama na meza yetu inafungwa. Akishindwa, kazi inabaki Harrow kwa miaka, mpaka ndege ifike hatua nyingine. "Kwa hivyo mimi ndiye nitakayempima," Anti akasema. "Wewe ndiye una muhuri." Anti akainuka akaosha kikombe chake, na kile kipande cha dhokla kilichosukumwa hakuna aliyekila. Leo nikikumbuka naona kampuni kubwa haikuwa na nia mbaya. Ilitazama tu meza yetu kutoka juu, na kutoka juu watu hawaonekani.

Donatella alifika na mvua, mwembamba, miaka thelathini na kitu, Kiingereza chake kama changu cha mwaka wa kwanza nchi hii. Nilikabidhiwa mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa nacheka. Wenzangu walikuwa watu wema, lakini walikuwa na nyumba za kulipia. "Zuwena, we mfundishe tu Kiswahili," mmoja alisema kantini, na wote wakacheka, Donatella naye akacheka asijue anachekea nini, jambo lililoniuma moyo wiki nzima. Anti hakumchekea wala hakumnunia. Alimsalimu asubuhi, akamuaga jioni, na katikati akapita nyuma ya kiti chake kama anayepita nyuma ya dirisha. Taratibu nikajua mambo yake. Kiwanda chao kilikuwa kimeshafunga nusu ya majengo. Mume wake alikuwa amekwenda Ujerumani kutafuta kazi na alirudi sikukuu tu. Wasipopata kiti, geti linafungwa. Aliyasema hayo bila kulia, akihesabu nyaya, na mimi nikawa nakaa baina ya meza mbili ambazo moja ingelala njaa, nikijaribu kutofikiri jina la meza hiyo.

Jumapili moja nilimwalika nyumbani Ilford kwa sababu alikuwa anakula mikate ya dukani chumbani kwake peke yake. Mama alikuwa amepata pweza. Tulipoingia alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kanga kiunoni, anampiga yule pweza kwa mchi, jirani keshafungua dirisha kutazama kama kawaida yake. Donatella alisimama, akatazama, akavua sweta lake. Akanyoosha mkono aombe mchi. Mama akanitazama mimi. "Anataka nini huyu?" "Anataka kumpiga, Mama." Akapewa, akampiga kwa mtindo wa kwao, anamzungusha kila pigo, na Mama akajishika kiuno. "Kumbe na nyinyi mnampiga." Bibi yake, Donatella alieleza, humpiga juu ya mawe ya pwani mpaka alainike, na wageni wa hotelini hukimbia. Baada ya hapo hawakunihitaji. Walielewana kwa mikono, nazi ikakunwa, ndimu ikakamuliwa, na mimi nikawa mtu wa kutandika mkeka. Nilipoingia jikoni kuchukua bakuli Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye atakayechukua kazi yako?"

"Ndiye."

"Na weye wajua?"

"Najua, Mama."

Akachota mchuzi akauonja, akaongeza chumvi. "Mtilie zaidi," akasema. "Kakonda."

Julai ikaisha na Donatella alikuwa na haraka na unadhifu, mafundo yake yamejipanga kama shanga, mazuri kuliko yangu, na yote yamekazwa kupita kiasi. Nilimwambia legeza, akalegeza mno. Nilimwambia kaza kidogo, akarudi palepale. Jioni moja nikamngoja Anti tupande treni pamoja, maana tulichukua laini moja, yeye akishuka Wembley Park na mimi nikiendelea mpaka Farringdon kubadilisha ya Ilford. Tulipata viti vya kukabiliana. "Anti, Donatella anakaza," nikasema.

"Anakaza tangu siku ya kwanza."

"Mbona hujamwambia?"

"Mimi ni mkaguzi. Wewe ndiye mwalimu." Akatazama nje, nyuma za nyumba zinapita, trampolini na nguo zilizoanikwa. Kisha akasema, kama anayeendelea na mazungumzo mengine, "Unajua mimi nilikuwa nesi? Nyeri, wodi ya watoto. Nikaja hapa, wakaniambia lazima nifanye mtihani wa vitendo. Kuvaa glavu, kupima presha, vitu nilikuwa nafanya nikiwa na usingizi. Nikaingia kwa hicho chumba, yule mama akaniangalia, halafu akaandika."

"Akaandika nini?"

"Sijui. Nilikuwa bado sijavua koti."

"Ukafeli?"

"Mara mbili. Ya tatu sikuenda." Treni ikasimama Preston Road, watoto wa shule wakaingia na kelele zao, akangoja wakae. "Najua nyinyi wote mnataka kuniuliza nitafanya nini Septemba. Msiniulize. Nikisema saa hii, nitakuwa nimeandika." Akatoa mfuko wake wa njugu akanipa nusu. Nilikuwa nimekuja kumwomba tu anisaidie kufundisha, na nilishuka Farringdon nikiwa na jambo kubwa kuliko nililopanda nalo. Nilielewa kwamba yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa anajizuia kwa nguvu asijue.

Kesho yake saa ya chakula nilimtoa Donatella nje, nikamshika mkono, nikamvusha barabara kuu ya Harrow. Tukarudi. Tukavuka tena. Wauza matairi walitupigia miluzi. Mara ya tatu nikambana vidole mpaka akasema "ai", mara ya nne nikamwachia katikati ya magari akanikamata mwenyewe, na mara ya tano nikamshika vile nilivyoshikwa na Mama siku zote za utoto wangu, na yeye akatazama chini, kwenye mikono yetu, akasema kwa Kiitaliano neno ambalo sikulijua wala sikumuuliza. Mchana ule mafundo yake yakatulia. Wenzangu waliona. Mama wa Kipoland alipita, akayapapasa, akaenda zake, na saa ya chai akanikatia keki yake kama siku zote. Sijui kwake ilimgharimu nini keki ile.

Siku ya mtihani alikuja bwana wa kampuni kubwa na mashine yake ndani ya begi, mpole, anasema samahani kila anapopita. Donatella alifunga mafundo tangu asubuhi. Sisi wengine tulijifanya tuna kazi. Bwana Kirit alisimama kwenye mlango wa kantini amevaa shati la kwenda hekaluni, na sikumwona akiketi hata mara moja. Mashine ikapima umeme, taa zote zikawaka kijani, bwana yule akasema vizuri sana, samahani, na Donatella akalichukua fungu kwa mikono miwili akalipeleka mbele ya Anti Wairimu.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake upande wa kulia, mbali kiasi cha meza moja, na mwanga wa dirisha ulipiga juu ya fungu. Nikaliona. Karibu na tawi la mwisho, pale ambapo mtu huwa amechoka na anaona mlango, fundo moja lilikuwa limezama. Uzi ulikuwa umeingia kati ya nyaya kama pete iliyobana kidole. Moja tu. Nilitazama uso wa Anti nikajua kwamba yeye aliliona kabla yangu. Hapo palikuwa na kila kitu, meza yetu, nyumba za watu, shati la Bwana Kirit, miaka iliyobaki ya kazi, na yote hayo Anti angeyapata kwa haki kabisa, bila kudanganya, kwa kunyamaza tu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Ndiyo," Donatella akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilitoka.

Anti hakupokea. Mikono yake ilibaki juu ya meza. Kule mlangoni Bwana Kirit aliinua kichwa.

"Umemaliza?" Anti akauliza tena, kwa sauti ileile.

Karakana nzima ikasimama. Donatella alimtazama, akatazama fungu, kisha akafumba macho. Akaanza kulipapasa kutoka mwanzo, fundo baada ya fundo, na tukamsikia anahesabu kwa lugha ya kwao. Alipofika kwenye lile lililozama kidole kikasimama. Akaomba mkasi. Nilimpelekea mimi. Akakata, akafunga upya, akapitisha kidole tena mpaka mwisho, akanyanyua. "Sasa nimemaliza." Anti akavaa miwani, akalikagua kwa muda mrefu, kwa uangalifu uleule aliotukagulia sisi, hakuongeza wala hakupunguza, akatoa muhuri wake akagonga. Bwana Kirit akaingia kantini. Kupitia ule ubao mwembamba tukamsikia anafungua bomba la maji na kuliacha limwage.

Desemba meza yetu ilitiwa kwenye makasha. Mama wa Kipoland akapata kazi ya mikono sokoni, mimi karakana nyingine inayofunga nyaya za mashine za hospitali, ambako nipo mpaka leo na nina furaha. Bwana Kirit alibaki na watu wachache na kazi ndogondogo. Anti akaenda kuhudumia wazee kwenye nyumba yao huko Wembley, kuwaogesha na kuwalisha, akasema ni karibu na kile alichokuja kufanya nchi hii. Hakuna aliyemlaumu mbele yake. Nyuma yake walikuwepo, na nilipowasikia sikuwakatiza, kwa sababu nao walikuwa na haki ya kuumia.

Jioni ya mwisho tulipanda treni pamoja, kila mtu na mfuko wa vitu vya kabatini. Tulikaa ubavu kwa ubavu. Nilikuwa nimejizuia tangu Septemba, na nilijua nikishuka bila kuuliza sitauliza tena.

"Anti, kwa nini ulimuuliza mara mbili?"

Alikuwa anatafuta kadi yake ya treni ndani ya mfuko, chini ya slipa za kazini na kikombe.

"Alijibu polepole," akasema. "Sikumsikia."

Mimi nilikuwa nimesimama mbali kuliko yeye, na nilimsikia. Nilitaka kusema hivyo. Lakini kadi ilipatikana, treni ikapunguza mwendo, na yeye akaniwekea mkono juu ya kichwa, juu ya mtandio, kama anayeangalia kama nina homa. Kisha milango ikafunguka, akashuka Wembley Park, akatembea na mfuko wake katikati ya watu.